Gari la Umeme na Safari Ndefu za Majira ya Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa dereva ambaye tayari ana gari la umeme, au yuko karibu kulinunua, na mbele yake kuna safari ya kilomita mia kadhaa katika majira ya baridi. Majibu mengi yanazunguka jambo moja: katika gari hili, joto hutoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu. Ukishajua joto lako linatoka wapi, lini, na linakula kiasi gani, mengi ya yanayofuata utayakisia mwenyewe. Vipimo vyote vya joto hapa ni vya Selsiasi.

Kwa nini masafa, yaani umbali gari linaokwenda kwa chaji moja, yanapungua baridi ikiingia? Betri imeanza kufa?

Haijafa. Yapo mambo matatu yanayotokea kwa wakati mmoja.

La kwanza limo ndani ya betri. Umeme hupatikana pale chembe za lithiamu zinaposafiri ndani ya kimiminika cha seli kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi hukifanya kimiminika hicho kizito, chembe zinakwenda polepole, ukinzani unapanda, na sehemu ya umeme inapotea kabla haijafika kwenye mota. Betri ikipata joto, hali hiyo huondoka.

La pili ni hita, nayo tutaizungumza kwa kirefu.

La tatu watu wengi hawalifikirii: hewa yenyewe. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto. Kwa nyuzi 10 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban asilimia 11 zaidi kuliko ile ya nyuzi 20, na gari lako linalazimika kuisukuma kando njia nzima. Hata ukizima hita na kukaa umejikunyata, hewa hiyo itakudai haki yake.

Yanapungua kwa kiasi gani hasa?

Inategemea nani amepima na amepima vipi, ndiyo maana utasikia namba zinazopishana sana. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari 5 ya umeme kwa nyuzi karibu 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, masafa yalishuka kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, yalishuka kwa asilimia 41. Mwaka 2020 chama cha wenye magari cha Norwei, NAF, kiliyapeleka magari 20 barabarani katika baridi, na wastani wa upungufu ukilinganishwa na masafa rasmi ulikuwa asilimia 18.5.

Namba hizi hazigombani. Zinakuonyesha kwamba baridi peke yake hula kidogo na kupasha joto ndiko kunakokula kingi, na kwamba gari na gari hazilingani. Kwa safari ndefu ya barabara kuu katika baridi ya kawaida, mimi ningepanga kwa kutoa asilimia 30 kutoka kwenye masafa unayoyapata mwenyewe wakati wa joto. Usitoe kutoka kwenye masafa ya karatasi za mauzo. Yale ya Ulaya hupimwa maabara kwa nyuzi 23, bila hita, na kwa mwendo wa wastani usiofanana hata kidogo na wa barabara kuu.

Mbona gari la petroli halilalamiki hivi?

Hulalamika, ila husikii. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto, mwaka mzima, na wakati wa baridi sehemu ndogo ya hasara hiyo huelekezwa ndani ya gari bila malipo. Mota ya umeme haina joto kubwa la kutupa. Ufanisi wake ndio unaokufanya uone gharama ya hita.

Kabla ya kuondoka, jambo gani moja lina faida kubwa kuliko mengine?

Lipashe gari joto likiwa bado limechomekwa kwenye umeme. Karibu kila gari la umeme la miaka ya karibuni lina sehemu ya kuweka saa ya kuondoka, kwenye skrini yake au kwenye programu ya simu. Weka saa hiyo usiku. Gari litaamka lenyewe, litapasha sehemu ya abiria, na katika magari mengi litapasha na betri.

Faida yake inahesabika. Betri ya gari la kawaida ina uzito wa kilo mia kadhaa. Kuipandisha kilo 400 za betri kwa nyuzi 20 kunahitaji zaidi kidogo ya kWh 2 (kilowati-saa, kipimo cha kiasi cha umeme). Kupasha viti, dashibodi, vioo na hewa ya ndani ambavyo vyote vimelala kwenye baridi usiku kucha kunahitaji nyingine 1 au 2. Ukiondoka bila kufanya hivyo, kazi hiyo yote inafanyika barabarani, na hizo ni kilomita 15 hivi ulizozitoa sadaka kabla jua halijachomoza. Tena betri yenye joto inapokea vizuri umeme unaorudi wakati wa kupunguza mwendo, jambo ambalo betri baridi hulikataa.

Na kama unachaji usiku nyumbani, panga chaji imalizike karibu na saa ya kuondoka badala ya saa nane za usiku. Kuchaji kwenyewe huitia betri joto. Kwa nini lipotee gari likiwa limesimama?

Nina soketi ya kawaida tu ya ukutani. Itatosha?

Itasaidia ila haitatosha yote. Soketi ya kawaida katika nchi nyingi hutoa kilowati 2 na kitu, ilhali gari linapojipasha kwa nguvu linaweza kutaka zaidi ya mara mbili ya hapo. Tofauti hiyo huchotwa betrini, kwa hiyo usishangae kuona chaji imeshuka asilimia 1 au 2 gari likiwa bado limechomekwa. Anza mapema kidogo, kama saa moja kabla ya kuondoka.

Nijaze mpaka asilimia 100?

Kwa safari ndefu, ndiyo. Onyo la kutojaza mpaka juu linahusu gari linaloachwa limejaa kwa siku nyingi. Likijaa alfajiri na kuondoka alfajiri, hakuna la kuogopa. Kama betri yako ni ya aina ya LFP, yaani ya madini ya chuma na fosfati, watengenezaji wengi hata hukushauri uijaze mara kwa mara, kwa sababu volti ya betri hizo haibadiliki sana na kompyuta ya gari hupata shida kujua kilichobaki. Wenye LFP wajue pia kwamba betri zao huhisi baridi zaidi kuliko za nikeli, hasa wakati wa kuchaji.

Nizime hita ili nifike mbali?

Usizime. Dereva anayetetemeka hana umakini, vidole vikiganda haviushiki usukani vizuri, na vioo vikishika ukungu huoni barabara. Swali lenye faida ni jinsi ya kupata joto lilelile kwa umeme mchache.

Anza na kiti. Kiti chenye waya za joto hutumia wati 50 hadi 100 hivi. Hita ya hewa yenye waya za joto inaweza kutumia wati 3,000 na zaidi gari likiwa baridi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Washa kiti na usukani, kisha shusha joto la hewa mpaka nyuzi 18 au 19, uvae sweta. Koti zito la kujaa hewa livue, kwa sababu huuzuia mkanda wa usalama kukukaa sawasawa, hasa kwa watoto.

Ukiwa peke yako garini, angalia kama gari lina kitufe cha kupeleka hewa upande wa dereva tu. Abiria akiwepo, usimtese.

Kuzungusha hewa ileile ya ndani kunapunguza kazi ya hita, kwani hewa iliyokwisha pata moto haitupwi nje. Lakini pumzi za watu wanne na theluji inayoyeyuka kwenye mazulia zitavitia vioo ukungu ndani ya muda mfupi, na hapo utalazimika kupuliza hewa ya moto kwenye kioo cha mbele na kupoteza ulichookoa. Kung'uta viatu kabla ya kuingia ni sehemu ya kuokoa umeme, amini usiamini. Magari mengi siku hizi huchanganya hewa yenyewe. Yaache yafanye kazi yake.

Pampu ya joto ina maana gani, na je, ni lazima?

Hita ya waya hugeuza kWh 1 ya umeme kuwa kWh 1 ya joto. Pampu ya joto haitengenezi joto. Hulihamisha kutoka nje, au kutoka kwenye mota na betri, kwa njia ileile jokofu linavyotoa joto ndani na kulitupa nyuma yake. Karibu na nyuzi sifuri, kWh 1 ya umeme inaweza kukuletea kWh 2 au 3 za joto. Kadiri baridi inavyozidi faida hiyo hupungua, na ikifika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri inabaki ndogo.

Kwa hiyo kama baridi ya kwenu huzunguka sifuri kwa miezi mitatu, pampu ni ya thamani. Kama gari ulilonalo halina, usilikimbilie jingine kwa sababu hiyo. Pampu haikuokoi chochote cha maana kama unaondoka na gari baridi na kukimbia kilomita 130 kwa saa.

Niende kwa mwendo gani?

Hapa ndipo penye umeme mwingi wa kuokoa kuliko mahali pengine popote, isipokuwa hita katika safari fupi.

Nguvu ya hewa inayokupinga hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 100 kwenda 120 kwa saa, upinzani unapanda kwa asilimia 44. Kwa gari la kawaida la familia, hiyo ni karibu kWh 4 zaidi kwa kila kilomita 100. Upepo wa mbele huhesabika vilevile: ukienda 100 na upepo wa 20 unakuja usoni, hewa inakuona kama unakwenda 120. Ndiyo maana katika kupanga safari utabiri wa upepo ni muhimu sawa na wa theluji, na bado ni wachache wanaoutazama.

Lakini usidhani kwamba kadiri unavyojikokota ndivyo unavyookoa. Hita hutoza kwa saa, haitozi kwa kilomita. Ikitumia kilowati 3, kwa mwendo wa 100 inakula kWh 3 kila kilomita 100. Kwa mwendo wa 50 inakula 6. Kwenye foleni inayosogea kwa 30 inakula 10, ambayo kwa magari mengine ni zaidi ya mota yenyewe. Ndiyo sababu pia safari fupifupi za mjini wakati wa baridi hutoa namba za kutisha, huku barabara kuu, gari likishapata joto, ikitulia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalisemi: kama mbele yako kuna chaja ya kasi inayofanya kazi vizuri, kupunguza kutoka 120 hadi 100 hakukufikishi mapema. Katika kilomita 200 utachelewa dakika 20 ili kuokoa kWh 8, ambazo chaja inayotoa kilowati 50 ingekupa kwa dakika 10. Kupunguza mwendo ni kwa ajili ya kufika kituoni bila wasiwasi, kuruka kituo chenye foleni, au kufika moja kwa moja nyumbani. Kwa makusudi hayo ni chombo bora kuliko vyote. Na barabara ikiwa na barafu, hesabu hizi zote ziweke kando. Barabara ndiyo inayoamua mwendo.

Kujibanza nyuma ya lori ili likukinge upepo, tafadhali usifanye.

Matairi yana athari gani?

Shinikizo la upepo hushuka kwa takriban 0.1 bar kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10. Ukijaza ndani ya gereji yenye nyuzi 20 kisha ukatoka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, umepoteza karibu 0.3. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, na ufuate kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Matairi ya majira ya baridi hula umeme kidogo zaidi ya yale ya joto. Yafunge hata hivyo. Kilomita chache hazina thamani mbele ya gari linaloweza kusimama.

Keria ya juu ya paa?

Ing'oe kama haina kitu. Kama lazima ubebe mizigo, sanduku lililofungwa nyuma ya gari huisumbua hewa kidogo kuliko lile la paani. Theluji iliyolala juu ya paa na boneti nayo iondoe: ni uzito, ni upinzani wa hewa, na ikiteleza ikaangukia kioo chako au gari la nyuma, ni ajali.

Na milima?

Gari la tani 2 linapopanda mita 1,000 hutumia kWh 5 na nusu kwa kupanda tu, mbali na gharama ya umbali wenyewe. Ukiteremka, sehemu nzuri yake hurudi, kwa sharti kwamba betri ina joto na haijajaa. Ukianza safari juu ya mlima na betri iko asilimia 100 na baridi, hakuna pa kuuweka umeme huo na breki za kawaida zitafanya kazi yote.

Kwa nini chaja ya kasi inanipa umeme kidogo hivi?

Kwa sababu gari linajilinda. Ukiilazimisha betri baridi kupokea umeme mwingi, lithiamu haiwahi kuingia mahali pake ndani ya seli. Hujikusanya juu kama madini matupu, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kompyuta ya gari inajua, hivyo hubana. Chaja iliyoandikwa kilowati 150 inaweza kukupa 30, na kosa si la chaja.

Dawa yake ni kuiandaa betri njiani. Katika magari mengi, ukikichagua kituo cha kuchajia kama unakoelekea kwenye ramani ya gari lenyewe, betri huanza kupashwa kabla hujafika. Ramani ya simu mara nyingi hailiambii gari kitu. Magari mengine yana kitufe cha kuanzisha jambo hilo kwa mkono. Kitafute kwenye kitabu cha gari kabla ya siku ya safari. Kupasha huko kunakula kWh kadhaa, kwa hiyo kama umebakiwa na asilimia 8, gari linaweza kukataa.

Januari 2024 baridi kali iliipiga Chicago, na picha za magari ya umeme yaliyopanga foleni vituoni, mengine yakiwa yameisha chaji hapohapo, zikazunguka dunia nzima. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni hii: madereva wengi walifika na betri zilizoganda, kila gari likachukua muda mrefu kuliko kawaida, na foleni ikazaa foleni. Mwaka huohuo, Norwei, nchi ambayo baridi si ngeni, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Nionavyo, tofauti ilikuwa katika mazoea na wingi wa vituo kuliko katika magari.

Nipange vituo vipi? Nipe mfano.

Chukua gari lenye betri ya kWh 70 zinazotumika, na safari ya kilomita 500. Wakati wa joto linatumia kWh 18 kwa kilomita 100. Sasa linatumia 24. Masafa kamili yameshuka kutoka karibu 390 hadi 290.

Wengi hushawishika kusimama mara moja tu, katikati. Ukifanya hivyo utafika kituoni karibu na asilimia 14, kisha utahitaji kujaza mpaka pembeni ya 100 ili ufike na akiba. Kujaza kutoka 80 kwenda 100 kunaweza kuchukua muda sawa na kutoka 10 kwenda 80, kwa sababu kila betri hupunguza kasi ya kupokea inapokaribia kujaa.

Simama mara mbili. Ondoka na 100. Simama kwenye kilomita ya 230 ukiwa na asilimia 21 hivi, jaza mpaka 65. Endesha 140, simama ukiwa na 17, jaza tena mpaka 65. Zilizobaki 130 zinakufikisha na asilimia 20. Betri inabaki na joto tangu kituo cha kwanza hadi cha pili, hivyo kituo cha pili huwa na kasi zaidi, na wewe umenyoosha miguu mara mbili.

Kuhusu akiba: wakati wa joto mtu mzoefu hufika kituoni na asilimia 5 bila kutoka jasho. Wakati wa baridi ningebaki na 15 angalau, 20 kama kituo kinachofuata kiko mbali. Na kwa kila kituo ulichopanga, ujue kimoja cha karibu utakachokimbilia kama hicho kimeharibika au kimefunikwa na theluji iliyosukumwa na magreda.

Namba ya kilomita kwenye dashibodi inanidanganya?

Inakadiria kwa kuangalia ulivyoendesha siku zilizopita. Kama wiki nzima ulikuwa mjini kwa utulivu, leo barabara kuu itaiumbua. Geuza skrini ioneshe asilimia badala ya kilomita, kisha fuatilia matumizi kwa kilomita 100. Nusu saa baada ya kuondoka, gari likishapata joto, namba hiyo ndiyo ya kuamini. Ikiwa ulipanga 24 na unaona 28, punguza mwendo sasa hivi. Ukisubiri mpaka asilimia 12, umechelewa.

Naona alama ya theluji, au sehemu ya betri imegeuka buluu.

Gari linakwambia kwamba sehemu ya umeme imefungiwa kwa muda kwa sababu betri ni baridi. Haijaibwa. Itarudi betri ikipata joto.

Nikiachia kanyagio, gari halipungui mwendo kama kawaida. Kuna hitilafu?

Ni jambo lilelile: betri baridi haipokei umeme mwingi, kwa hiyo mota haiwezi kuwa breki. Zoea kutumia breki ya mguu katika kilomita za mwanzo. Baadaye betri ikipata joto, mota itarudi kuvuta kwa nguvu, na hapo kuna hatari ya aina nyingine. Juu ya barafu, mvuto wa ghafla kwenye magurudumu unaweza kulitelezesha gari. Kama gari lako lina chaguo la kupunguza mvuto huo, lipunguze kwenye barabara inayoteleza.

Nalala njiani mahali pasipo na chaja. Nifanyeje?

Chaji jioni, usingoje asubuhi. Jioni betri ina joto la safari nzima na itapokea umeme kwa kasi. Asubuhi itakuwa imelala kwenye baridi na utasimama mara mbili ya muda huo. Kwa hiyo kituo cha mwisho cha siku kiwe kile kilicho karibu na pa kulala, na uingie kulala na asilimia 70 au 80.

Usiku wenyewe hauibi umeme mwingi, mradi umezima kamera za ulinzi zinazolifanya gari libaki macho, na huifungui programu ya simu kila baada ya saa moja kulichungulia. Kulichungulia ndiko kunakoliamsha. Kama pana sehemu ya kuegesha chini ya jengo, ichukue hata kwa malipo kidogo; gari lililolala kwenye nyuzi 5 ni kitu kingine kabisa na lililolala kwenye 15 chini ya sifuri.

Mlango wa chaji umeganda, au waya hautoki.

Usimwagie maji ya moto. Yatageuka barafu mpya na yanaweza kupasua vitu. Gonga kwa kiganja pembeni kuvunja barafu, na ulipashe gari joto kwa programu ya simu kwa dakika 10 au 15. Baadhi ya magari hupasha hata tundu la chaji. Ikitokea mara kwa mara, egesha huku upande wa tundu ukiwa umekingwa na upepo wa theluji.

Ile betri ndogo ya volti 12 bado ipo? Inanihusu?

Ipo katika magari mengi, na baridi huimaliza ile iliyochoka. Ikifa, gari lenye betri kubwa iliyojaa halitawaka wala kufungua milango kwa kawaida. Kama ina miaka kadhaa, ipimwe kabla ya msimu.

Baridi inaiharibu betri moja kwa moja?

Kuegesha na kuendesha katika baridi hakuiharibu. Joto kali ndilo linaloizeesha haraka zaidi. Cha kuepuka ni kuliacha gari siku nyingi katika baridi kali likiwa karibu na sifuri ya chaji.

Nikikwama kwenye theluji saa nyingi, sitaganda?

Swali hili huulizwa kwa hofu kubwa kuliko yote, na jibu lake linatuliza kuliko yote. Gari likishapata joto, kudumisha joto la ndani likiwa limesimama huhitaji kilowati 1 hadi 2 katika baridi nyingi, kwani hakuna upepo wa mwendo unaolipoza. Betri ya kWh 70 iliyo na asilimia 50 ina kWh 35. Kwa kilowati 2, hizo ni zaidi ya saa 17. Ukishusha joto mpaka nyuzi 16 na kutegemea viti, utavuka usiku na kubakiwa na za kuendeshea.

Gari la petroli lililokwama lina hatari ambayo hili halina: theluji ikiziba bomba la moshi, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inaweza kurudi ndani na kuua waliolala. Gari la umeme halina bomba. Funga madirisha, zima taa kubwa usizozihitaji kuonekana, na ulale ukipenda.

Bado, beba blanketi, tochi, koleo, maji na waya wa kuchajia kwenye soketi ya kawaida. Viweke ndani, kwenye kiti cha nyuma. Buti lililoganda halifunguki kirahisi.